Mama Mkwe Alipoingia Chumba cha Wabunge

Nina miaka thelathini na tatu. Nimezaa watoto wanne, nauza unga wa mihogo sokoni hapa Musonoi, pembeni ya mashimo ya shaba ya Kolwezi, na nina mume niliyemtaka mwenyewe. Lakini kwenye ubao wa ofisi ya mtaa wetu mimi si mama wa mtu wala si mke wa mtu. Pale mimi ni mtoto aliyebakwa, na aliyenibaka ni huyo huyo mume wangu!

Wasomaji wenzangu, msikimbilie kuhukumu. Nisikilizeni kwanza, maana sisi tulikosa wa kutusikiliza siku tuliyomhitaji.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, karibu nifikishe kumi na nane, nilipopendana na Kalala. Yeye alikuwa na kumi na tisa. Wote wawili ni watoto wa watu wa Kasai walioletwa huku zamani kwa kazi ya mgodi, na mpaka leo wenyeji hutuita wageni. Ila baba yangu alikuwa na kazi ya ofisini, na Kalala alikuwa anachimba kwa mkono, akirudi ana vumbi mpaka kwenye kope. Baba alishaniwekea mhandisi wake kichwani. Nilipopata mimba hakuja kuniuliza lolote... alikwenda moja kwa moja polisi akasema binti yake amebakwa.

Mahakamani sikuulizwa. Hakimu alisema msichana wa umri wangu hawezi kukubali, hata akikubali. Siku hizi nami nina binti, naielewa sheria hiyo na sina ugomvi nayo. Lakini baba alikuwa ameongeza neno lake mwenyewe. Alisema Kalala alinikamata kwa nguvu. Huo ulikuwa uongo, na kwa uongo huo Kalala alifungwa miaka minne.

Alipotoka alinikuta namngoja na binti yetu Mujinga, jina la kwetu Kasai ambalo si tusi. Baba alikuwa mgonjwa wakati huo, hasira zimemwisha, akapokea mahari kwa mikono miwili. Kabla ya kufa alimwambia mama yangu, nami nikiwa nimekaa pale pale kitandani, kwamba lile neno alilosema polisi halikuwa kweli na kwamba linamnyima usingizi. Tulifunga ndoa kanisani. Kalala akaacha mashimo, akajifunza ufundi wa pikipiki, akaanza kutengeneza pikipiki za watu mbele ya nyumba yetu. Ng'ambo ya barabara, tukitazamana nayo, ipo shule. Ikumbukeni hiyo shule.

Mwaka jana mtoto wa jirani yetu aliharibiwa na mwanamume aliyekwisha kufungwa mji mwingine kwa jambo hilo hilo, na hapa hakuna aliyemjua. Tulilia mtaa mzima. Mama wa yule mtoto alihangaika mpaka kwa wakubwa, na haki ilikuwa yake. Ikaamuliwa kwamba majina ya wote waliowahi kufungwa kwa kubaka yabandikwe kwenye ofisi za mitaa. Wabunge wa jimbo nao wakaanza kuandaa sheria, kwamba mwenye jina ubaoni asiishi wala asifanye kazi karibu na shule. Siku tulipotangaziwa nilipiga makofi mpaka viganja vikauma! Ningejuaje? Nikisikia neno mbakaji, mimi simfikirii Kalala. Namfikiria yule mnyama.

Aliyeliona jina kwanza ni Mujinga. Ana miaka kumi na tano. Nilimtuma mwenyewe kwenye ubao ule akaangalie siku za maji, kwa sababu matangazo yote hubandikwa hapo. Alirudi bila habari ya maji. Alisimama mlangoni, ndoo mkononi.

"Mama, ule mutoto banaandika pale na jina ya papa... ni weye?"

Nilimwambia kaa nikueleze. Hakukaa.

"Basi mi nilitokea wapi?" akauliza.

Nilieleza yote, mimba, hasira za babu yake, lile neno la uongo. Alinitazama kwa huruma, kama anayemsikiliza mgonjwa. Kuanzia siku hiyo hakumwita tena baba yake papa. Alisema "ule bwana". Kalala akiketi kula bukari, ndio ugali wetu, yeye anainuka na sahani yake. Kalala ni mtu wa maneno machache tangu zamani, hakugomba. Alibaki anakaza na kulegeza zile nati zake, na wateja wakawa wanapungua. Wanawake niliowakopesha unga walivuka barabara wasipite mbele yetu. Halafu mkuu wa mtaa akaja, kwa adabu nzuri tu, akasema sheria ikipita bwana atahama kabla shule hazijafunguliwa.

Kwenda wapi? Nionyesheni mji usio na shule!

Kati ya wabunge wa jimbo alikuwemo mmoja aliyekulia mtaa wetu, mtoto wa Kasai kama sisi. Baba yake na baba yangu walikuwa marafiki. Nilimfuata nyumbani kwake nikiwa na kilemba changu cha kanisani. Alinipokea vizuri, akaniita dada, akaagiza niletewe soda. Akanieleza kwamba wabunge wanaoandaa ile sheria watapokea wananchi siku moja kabla ya kuipigia kura. Tukaombe waiwekee mlango, ili mtu kama Kalala, ambaye mwenyewe anayeitwa mwathirika anamtetea, kesi yake iangaliwe upya peke yake. Alisema naye atakuwamo chumbani.

"Lakini lile neno ya baba yako, nani atalitoa?" akaniuliza. Nikamwambia aliyelisikia kitandani ni mama yangu. Akapiga paja. "Basi mama yako njo atabamaliza bale babunge. Mumulete."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Mama yangu mzazi, mjane wa aliyeshtaki, asimame aseme mumewe mwenyewe alidanganya! Nani angebisha? Mujinga aliposikia akasema naye atakwenda.

"Weye unamupenda, siwezi kukuamini," aliniambia. "Lakini akisema yeye mwenyewe mbele ya bale bakubwa kama hakukukamata kwa nguvu, nitaamini. Aseme tu."

Aseme tu. Ndicho kitu pekee alichotaka mtoto wangu.

Usiku... hapana, ilikuwa jioni, tulipokuwa tunakula, nilimwambia Kalala habari yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mama atakuwa mule ndani?" Nikasema ndiyo, atakuwamo, nilivyokuwa na furaha. Akanyamaza. Nilidhani amefurahi hata kukosa la kusema.

Wengine wenu mtashangaa, lakini kwetu watu wa Kasai mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hamtazami usoni. Hali chakula mbele yake, haketi naye benchi moja, na mambo ya chumbani hayatajwi kabisa wakiwa pamoja. Wakikutana njiani mmoja atampisha mwenzake mbali. Kalala alikuwa mkwe wa namna hiyo hasa, wa kusifiwa. Mama akija kwangu, Kalala huzunguka nyuma ya nyumba. Nimeyaona hayo miaka mingi mpaka nikaacha kuyaona! Nilifikiria wabunge, nikafikiria nguo, nikafikiria nauli ya pikipiki. Sikufikiria kwamba nawaingiza wawili wale chumba kimoja ili mmoja aulizwe habari ya kitanda cha binti wa mwenzake.

Siku ilipofika tulitangulia mimi, mama na Mujinga. Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia, meza ndefu, wabunge watano na benchi moja ya wananchi. Mlango ulikuwa mmoja. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo, si mtu wa Kasai, mpole, mwenye miwani. Mbunge wetu alikaa pembeni, akaniinulia kichwa kidogo. Mama aliketi karibu nami, Mujinga mwisho wa benchi.

Kalala akaitwa. Alifungua mlango, akamwona mama, macho yakaanguka sakafuni. Akabaki pale pale mlangoni, amegeuza bega.

"Tata, karibu, kaa. Nafasi iko," mwenyekiti akasema.

"Asante, mama. Nitasimama tu."

Niliona wabunge wawili wanatazamana. Nilielewa kila kitu kwa mara moja, na nilikuwa nimechelewa.

Mwenyekiti akasema hataki maneno mengi, ana swali moja. "Tata, huyu mama, wakati alikuwa mutoto, ulimukamata kwa nguvu, ao hapana?"

Kalala akanyamaza.

Akaulizwa tena. Jasho lilimtoka, akalifuta kwa mkono wa shati. Mama yangu alikuwa umbali wa kumgusa! Angeanzaje? Hata kusema hapana ni kutamka mbele ya mama mkwe kwamba alilala na binti yake. Mtu wetu ni afadhali afungwe kuliko kusema hivyo. Na huyu alikuwa ameshafungwa.

Nilisimama. Nikasema mheshimiwa, hawezi kusema mbele ya mama yangu, ni desturi. Mwenyekiti akaninyooshea mkono, sauti yake ya huruma kabisa.

"Mama, usiogope. Hapa hakuna mutu atakugusa. Muache aseme yeye mwenyewe."

Nikasema siogopi, ni mume wangu, sikulazimishwa. Akaandika kitu. Nikaona kwamba kila ninalosema linaandikwa kuwa hofu. Nikimtetea, ni kwa sababu ananitisha. Nikinyamaza, basi ni kweli. Ningefanya nini? Nilimgeukia mbunge wetu, mtoto wa Kasai, aliyeoa kwa watu wa Kasai na ambaye namfahamu anavyojificha akimwona mama mkwe wake sokoni. Sentensi moja tu ya kwake ingetosha. Alikuwa anaangalia simu yake.

Mama naye akaelewa. Akataka kumwokoa mkwe wake kwa njia anayoijua, aondoke ili mwenzake apate kusema. Akajifunika kitenge kichwani, akainuka, akaenda mlangoni haraka haraka. Lakini mlango si ulikuwa mmoja? Na Kalala si alikuwa amesimama hapo hapo? Mkwe hawezi kungoja mpaka mama mkwe amguse akipita. Aliruka nje, akateremka ngazi, akavuka uwanja, akaenda kusimama mwisho kabisa karibu na geti, ametugeuzia mgongo.

Fikirieni wenyewe walichokiona wale watu. Bibi kizee amejifunika uso, hawezi kukaa na mbakaji wa binti yake. Mbakaji ameulizwa swali moja, amekimbia.

"Tumeona," mwenyekiti akasema taratibu, akafunga faili kabla mama hajaulizwa lolote.

Nilieleza, nililia, nilipiga magoti. Mlinzi mmoja akaniinua kwa upole. Wote walikuwa wapole siku ile! Mujinga alipita mbele yangu macho makavu. Alisema neno moja tu.

"Alikimbia."

Mbunge wetu nilimvizia kwenye korido. Nilimuuliza kwa nini hakufungua mdomo naye anajua. Hakubisha kwamba anajua. Alitazama huku na huku kwanza.

"Dada, mi ni mutu ya Kasai. Nikimutetea mutu ya Kasai juu ya kubaka, uchaguzi iko karibu, nani atanipigia?" Akaniachia noti mkononi eti ya pikipiki. Niliiangusha chini mbele ya viatu vyake. Je, alipopiga paja na kuniambia nimlete mama alikuwa amesahau desturi kama mimi, au alijua? Swali hilo nalala nalo na kuamka nalo.

Sheria ilipita bila mlango. Kabla shule hazijafunguliwa Kalala alipanda lori la kwenda Kasaji na sanduku dogo la vifaa. Mji wenyewe una shule, kwa hiyo analala nje ya mji, shambani kwa mtu, na kutengeneza baiskeli za wakulima. Mimi siwezi kumfuata, huko shambani watoto watasoma wapi? Na shule yao hapa haiwezi kumpokea baba yao. Sina pa kusogea. Nikifungua dirisha asubuhi naona ile shule, na mafuta meusi ya pikipiki ardhini ambako alikuwa anafanyia kazi.

Mama alihamia kwangu anisaidie watoto. Alikonda. "Nilisema nitoke, aseme bila haya," aliniambia akisaga mihogo, "kumbe mi njo nilimumaliza." Nikamwambia si wewe. Hakunisikia.

Na Mujinga nilimweleza ile desturi mara nyingi. Lakini yeye ni mtoto wa hapa, anajua Kiswahili na Kifaransa chake cha shule, Kasai hajawahi kufika, na mimi sikuwahi kukaa naye nikamfundisha ya kwetu. Aliyachukulia kuwa maneno ya kumwosha baba yake. "Batu bazima, wanaume, banaogopa bibi?" alisema akacheka.

Mpaka Jumapili moja. Kalala alikuja kuchukua vifaa vyake vikubwa na kuwaona wadogo. Jumapili shule imefungwa, watu hufumba macho kidogo. Alikuwa amevaa shati jeupe la kanisani na viatu alivyovipiga rangi huko huko Kasaji. Mujinga alikuwa mlangoni anapepeta unga, mimi nipo ndani nyuma yake. Kalala alikuwa bado mbali, hajatuona, na mama naye alikuwa anarudi kutoka ibadani, akitokea upande wa pili. Barabara ilikuwa tupu.

Alipomwona mama, Kalala alishuka barabarani. Pembeni kuna mtaro wa maji machafu. Aliingia humo na viatu vyake vile, tope mpaka kwenye mashavu ya miguu, akageukia ukuta wa shule, akainamisha kichwa. Mama akavuta kitenge, akapita upande wa mbali bila kugeuka. Kalala alisubiri mpaka aliposikia geti letu limelia.

Ungo ulisimama mikononi mwa Mujinga.

"Papa anafanya nini mule?"

"Anamuheshimu kaku yako," nikamjibu. Kaku ndivyo tunavyomwita bibi.

"Lakini hakuna mutu anamuangalia."

"Hakuna."

Unga ulikuwa unamwagika pembeni, sikumgombeza.

"Na kule ku bale bakubwa... njo ilikuwa vile?"

"Njo vile, mwanangu."

Aliweka ungo chini. Alikwenda nyuma, akajaza beseni maji, maji yale yale tunayoyangojea kwa siku, akatoka nalo barabarani likimlowesha nguo. Nilimsikia akisema, "Papa, leta miguu." Kalala alimtazama kama hajui ni yeye anayeitwa. Kisha akaketi kwenye jiwe, kando ya barabara, kwa sababu mlangoni kwake haruhusiwi kukaa, na binti yake akamwosha tope huku wote wawili wanalia. Mimi nililia ndani, nimeng'ata upindo wa kitenge. Saa za mchana alipanda tena lori.

Wasomaji wenzangu, ule ubao siuchukii. Yule jirani yangu anapaswa kujua nani analala karibu na mtoto wake. Ninachowaomba ni hiki. Baba mwenye hasira, kabla hujaongeza neno lako mbele ya polisi, kumbuka wewe utakufa na neno litabaki. Nanyi vijana ngojeni, hata kama ni miezi michache tu imebaki, ngojeni! Halafu wewe utakayekwenda siku moja kuomba kitu kwa wakubwa, usifanye kama mimi niliyebeba ukweli wote wa nyumba yangu nikaumwaga chumba kimoja. Kaeni kwanza nyumbani, muulizane nani ataweza kusema nini mbele ya nani. Na akinyamaza mmoja wenu, kama Kalala alivyonyamaza jioni ile tunakula, usidhani amefurahi. Muulize tena.

Nimesikia wabunge wanaweza kuifungua tena sheria ile baada ya uchaguzi. Mama amesema siku hiyo atabaki nyumbani, na Mujinga amesema yeye ndiye atakayeeleza. Ninaomba Mungu. Binti yangu ameshaelewa, lakini alielewa kwa sababu alikuwa mlangoni, na wale wanaopiga kura hawapiti barabara yetu siku za Jumapili.